Nakala rudufu ya volyumu ya TB 40 hukatika mahali palepale kila mara: tujadili ukomo wa ukubwa

Seva_Ziwani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Ninasimamia seva za hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na mojawapo inahifadhi picha za mionzi: eksirei, altrasaundi, na zaidi ya yote picha za CT, ambazo ndizo zinazomaliza nafasi. Seva inaendesha Windows Server 2019. Picha zote zinakaa kwenye volyumu (sehemu ya hifadhi inayoonekana kama diski moja) ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, yenye TB 40, na hadi sasa TB 36 zimejaa. Nakala rudufu huandikwa kupitia mtandao wa gigabiti 1 kwenda kwenye NAS (kifaa cha kuhifadhia data kinachofikiwa kwa mtandao) yenye nafasi tupu ya TB 60, na programu yetu ya bekapu imepangwa isome volyumu yote na kuitunza kama faili moja kubwa.

Tatizo ni kwamba nakala kamili haimaliziki. Huanza Ijumaa jioni, huenda vizuri kwa karibu siku mbili, kisha hukatika faili la nakala likiwa limefikia kiasi cha TB 17.6, na ujumbe unaotokea husema tu kwamba uandishi umeshindikana. Tumebadilisha kebo na swichi, tumezima kinga ya virusi wakati wa kazi, na bado inakatika palepale. Nakala za nyongeza, zile zinazobeba mabadiliko tu, haziwezi kuanza kwa sababu hakuna nakala kamili ya kuegemea, maana yake ni kwamba kwa sasa picha za wagonjwa wa miaka mingi zipo mahali pamoja tu, na hilo linaninyima usingizi.

Wakati huohuo uongozi umeshanunua diski mpya na unataka volyumu ipanuliwe hadi TB 72. Nina maswali mawili: ni kitu gani kinachokata nakala yangu, na je, kuna ukomo ninaopaswa kuujua kabla sijapanua?

Linux_Pwani

Ndugu, pole kwa kazi. Kabla ya kugusa mtandao tena, iangalie hiyo namba. Kazi inayokatika kwa sababu ya kebo mbovu hukatika leo kwenye TB 5, kesho kwenye TB 22. Kazi inayokatika kwenye namba ileile kila mara imegonga ukomo wa kuhesabu, na mara nyingi ukomo wa namna hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kadhaa. Mbili kwa kipeo cha 44 ni baiti 17,592,186,044,416, ambazo kwa hesabu ya kawaida ya elfu kwa elfu ni TB 17.6, na kwa hesabu ya 1,024 kwa 1,024 inayotumiwa na Windows ni TB 16 kamili.

Sasa, NAS nyingi zinazouzwa madukani kwetu ndani yake zina Linux, na nyingi hufomatiwa kwa ext4. Mfumo huu wa mafaili unaweza kuwa na volyumu kubwa sana, lakini faili moja, kwa bloku za kawaida za KB 4, halivuki TB 16 za hesabu ya Windows. Sababu ni kwamba namba ya bloku ndani ya faili ina biti 32, kwa hiyo faili haliwezi kuwa na bloku zaidi ya bilioni 4.29. NAS yako ina nafasi tupu ya TB 60, na hilo ni kweli, ila hairuhusu faili lolote lichukue peke yake zaidi ya hizo TB 16.

Ingia kwenye NAS kwa SSH (njia ya kuiendesha kwa amri ukiwa mbali), tazama aina ya mfumo wa mafaili kwa amri ya `df -T`, kisha soma ukubwa wa faili lililokatika kwa baiti, si kwa TB. Tuletee namba.

Seva_Ziwani

Mkuu, asante sana. Ni ext4. Faili lililokatika lina baiti 17,592,186,040,320.

Linux_Pwani

Hiyo ni 17,592,186,044,416 ukitoa 4,096, yaani bloku moja pungufu ya ukomo. Umeshapata jibu la swali la kwanza.

Una njia mbili za kutoka hapo. Ya haraka ni kuiambia programu ya bekapu igawe nakala katika vipande. Nyingi zina sehemu ya kuweka ukubwa wa kila kipande, na vipande vya TB 1 au 2 vitatosha. Ya pili ni kuifomati NAS kwa mfumo usio na kizuizi hicho, kama XFS au Btrfs, ikiwa NAS yenyewe inaruhusu. Mimi ningeanza na vipande wiki hii, kwa sababu la msingi sasa ni kupata nakala moja iliyokamilika, mengine yatafuata. Kuna faida nyingine katika vipande: kipande kimoja kikiharibika, kinachunguzwa na kuandikwa upya hicho peke yake.

Swali la pili namwachia anayeijua Windows kuliko mimi.

Bi_Mitambo

Kaka Seva_Ziwani, tafadhali usipanue hadi TB 72. Nieleze kwa nini, maana jambo hili lina tabaka mbili na watu wengi hugundua ya pili wakiwa wamechelewa.

Tabaka la kwanza ni NTFS yenyewe. Ukubwa wa juu wa volyumu hutegemea ukubwa wa klasta, yaani kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho faili hupewa, uliochaguliwa siku ya kufomati. Klasta ya KB 4 inaishia TB 16, ya KB 8 inaishia TB 32, ya KB 16 inaishia TB 64, na ya KB 64 inafika TB 256. Windows inapofomati volyumu iliyo kati ya TB 32 na TB 64 bila kuelekezwa, huchagua KB 16. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba volyumu yako ina klasta ya KB 16, na ukijaribu kuipeleka TB 72 itakataa ikifika 64. Hakikisha kwa amri ya `fsutil fsinfo ntfsinfo` ukifuatisha herufi ya diski. Klasta haibadilishwi kwa vifaa vya Windows bila kufomati upya.

Hapo ndipo fundi fulani atakapokuja na ushauri unaoonekana wa busara: hamisheni data, fomatini upya kwa klasta ya KB 64, kisha mtapata nafasi hadi TB 256. Kitaalamu ni kweli, na ndiyo hatari ya tabaka la pili. Karibu kila programu ya bekapu kwenye Windows hutegemea VSS, huduma inayogandisha hali ya volyumu ili mafaili yanayoendelea kutumiwa yasomwe kwa pamoja bila kugongana. Microsoft inaiunga mkono VSS kwenye volyumu zisizozidi TB 64. Ukivuka hapo, volyumu itaendelea kufanya kazi, picha zitaingia, madaktari watazisoma, hakuna taa nyekundu itakayowaka; ila siku ya bekapu snapshoti, yaani ile hali iliyogandishwa, itashindikana. Na VHDX, umbo la faili ambalo Windows Server Backup hutunzia nakala zake tangu toleo la 2012, nalo linaishia TB 64.

Ukomo wa namna hii hauna upya wowote. Waliofanya kazi na Server 2008 watakumbuka kwamba Windows Server Backup ilikuwa ikiandika kwa umbo la VHD, lenye ukomo wa GB 2,040, hivyo volyumu iliyozidi TB 2 haikuwa na nakala kwa njia hiyo hata kama diski ya kupokea ilikuwa kubwa mara tatu. Diski za MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, zilikwamia hapohapo, kwa sababu anwani za sekta zilikuwa na biti 32 na kila sekta ilikuwa na baiti 512. Upande wa VMware, diski ya mashine pepe ilikuwa haivuki TB 2 hadi toleo la vSphere 5.5 la mwaka 2013, lilipoiruhusu kufika TB 62. Hata tar, programu ya kufungasha mafaili, ya zamani ya umbo la ustar haipokei faili linalozidi GB 8, kwa kuwa sehemu ya ukubwa ina tarakimu 11 za msingi wa nane. Kila kizazi kiliweka namba iliyoonekana kubwa mno kwa wakati wake, na kila kizazi diski ziliifikia.

Ndiyo maana nasema swali la "tunaweza kupanua hadi wapi" halitoshi. La kuuliza ni hili: volyumu hii ikifa usiku wa leo, hospitali inaweza kuvumilia saa ngapi kabla picha hazijarudi? Jibu la hilo ndilo linalopaswa kupanga ukubwa wa volyumu. Kwa gigabiti 1, ambayo kwa kweli hutoa kama MB 110 kwa sekunde mambo yakienda vizuri, TB 72 zinahitaji siku saba na nusu kurudi. Volyumu ya TB 12 kwa mtandao huohuo inarudi kwa takriban saa 30. Ukiweka mtandao wa gigabiti 10 na diski zikatoa MB 600 kwa sekunde, hizo TB 12 zinarudi kwa chini ya saa sita. Hapo daktari wa dharura anaweza kuelezwa jambo akalielewa.

Kijana_wa_Rack

Samahani wakubwa, naomba kutofautiana kidogo. Kwa data ya ukubwa huu, je, nakala kamili ina maana kweli? Ukiwa na RAID 6, mpangilio wa diski kadhaa zinazolindana, unaweza kupoteza diski mbili bila kupoteza kitu, na ukiongeza seva ya pili inayopokea kila badiliko papo hapo, una data mahali pawili. Nimeona taasisi kadhaa zimeishia hapo, wakisema hifadhi ikishakuwa kubwa sana bekapu ya kawaida haiwezekani tena.

Linux_Pwani

Ndugu yangu, nakuelewa, na hoja hiyo husemwa na watu wazito, kwa hiyo inastahili kujibiwa kikamilifu.

RAID hulinda dhidi ya kufa kwa diski, basi. Hailindi dhidi ya moto, wizi, programu ya utekaji data, wala amri iliyoandikwa vibaya. Seva ya pili inayopokea kila badiliko papo hapo hupokea pia ufutaji papo hapo. Mfano ulio wazi ni wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, Desemba 2021. Hifadhi ya kompyuta yao kubwa ya utafiti ilipoteza takriban TB 77, mafaili kama milioni 34 ya vikundi 14 vya watafiti. Kilichofuta ni programu ya bekapu yenyewe: hati ya amri iliyokuwa na kazi ya kusafisha kumbukumbu za zamani ilibadilishwa wakati ikiwa bado inaendeshwa, kigezo kimoja kikabaki kitupu, na amri ya kufuta ikaelekea kwenye mafaili halisi. Data ya vikundi vinne haikuweza kurejeshwa. Mafunzo ya kiufundi ni mawili: akaunti inayofanya bekapu ipewe ruhusa ya kusoma chanzo tu, na walau nakala moja ikae mahali ambapo seva haiwezi kuifuta.

Na hiyo kauli kwamba hifadhi kubwa haina namna ya kupata nakala, tuna mfano wake wa karibuni, na ni mchungu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka kwenye betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 709 ya serikali ilizimwa, na 96 kati yake iliungua moja kwa moja. Mmojawapo uliungua kabisa: G-Drive, hifadhi ya pamoja ambako watumishi wa umma waliwekewa nafasi ya GB 30 kila mmoja na kuelekezwa watunze humo nyaraka za kazi badala ya kwenye kompyuta zao. Ilikuwa na TB 858. Mifumo mingine mingi ilikuwa na nakala. Huo haukuwa na nakala ya nje, na maelezo ya wizara yalikuwa kwamba kwa ukubwa wake na kasi yake ndogo, nakala ya nje haikuwezekana.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Kwa mtandao mmoja wa gigabiti 10 unaofanya kazi kwa ukamilifu wake, TB 858 zinapita kwa siku nane. Tuseme kwa hali halisi inakuwa mara mbili yake, siku kumi na sita. Hiyo ni nakala ya kwanza, inayofanyika mara moja. Baada ya hapo yanasafirishwa mabadiliko tu. Kama kila siku hubadilika asilimia moja, ambayo kwa nyaraka za ofisi si kidogo, ni TB 8.58, na hizo zinapita kwa mtandao uleule kwa chini ya saa mbili, au saa nne tukiwa wakarimu. Kwa tepu za sumaku za LTO-9, zenye TB 18 kila moja, nakala nzima ni tepu 48, ambazo zinaenea kwenye rafu moja ya kabati. Ni gharama, ni kazi, ni mipango, lakini hakuna mahali katika hesabu hiyo ambapo sheria ya maumbile inasema haiwezekani. Ninaposoma habari ile huwa nawafikiria wale watumishi walioambiwa waziweke kazi zao zote pale, wakatii.

Kijana_wa_Rack

Nimekuelewa, mkuu. Naondoa hoja yangu kuhusu seva ya pili. Ila bado najiuliza kuhusu hayo "mabadiliko tu". Programu inajuaje kilichobadilika bila kupitia volyumu nzima?

Bi_Mitambo

Swali zuri, na kwa mwanzisha uzi ndilo lenye uzito kuliko hata zile TB 64.

Picha moja ya CT, tabaka moja, kwa kawaida ni nukta 512 kwa 512, baiti mbili kwa kila nukta. Hiyo ni nusu ya MB. Uchunguzi mmoja unaweza kuwa na matabaka elfu moja, na mifumo mingi huhifadhi kila tabaka kama faili lake. Kwa hiyo TB 36 za Seva_Ziwani zinaweza kuwa mafaili milioni 50 au zaidi. Bekapu inayokwenda faili kwa faili italazimika kuligusa kila moja kuuliza kama limebadilika. Tukikadiria milisekunde tano kwa kila faili, milioni 50 zinachukua karibu siku tatu kabla hata baiti moja ya data haijasafirishwa. Hapo TB si kipimo tena. Idadi ya mafaili ndiyo inayokuua.

Ndiyo sababu bekapu ya volyumu nzima, inayosoma bloku badala ya mafaili, hufaa zaidi kwa data ya aina hii, na ndiyo sababu programu nzuri hutunza orodha ya bloku zilizobadilika tangu nakala iliyopita. VMware ina utaratibu huo kwa mashine pepe. ZFS, mfumo mwingine wa mafaili, inaweza kutuma tofauti kati ya snapshoti mbili bila kupitia mafaili. Kwenye Windows programu nyingi huweka dereva wake wa kufuatilia. Kaka, hakikisha programu yako inafanya hivyo. Kama inasoma volyumu yote kila usiku ili kulinganisha, basi nakala yako ya nyongeza ni ya nyongeza kwa jina.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Picha ya mionzi ikishapigwa na kusomwa haibadiliki. Picha za 2017 zitabaki hivyo hivyo 2037. Kwa nini basi ziwe kwenye volyumu moja na za leo, zikibebwa upya kila wakati wa nakala kamili? Zigawe. Hizo diski mpya usizitumie kupanua; tengeneza nazo volyumu mpya, kila moja isizidi TB 12 au 15, kwa mwaka au kwa miaka miwili. Windows inaruhusu kuipachika volyumu kama folda ndani ya nyingine, kwa hiyo mfumo wa picha utaendelea kuona njia ileile. Mwaka ukifungwa, volyumu yake inawekwa kuwa ya kusoma tu, inanakiliwa mara mbili kwenye vyombo viwili tofauti, inahakikiwa, na haiingii tena kwenye ratiba ya kila usiku. Kinachobaki cha kunakili kila siku ni mwaka unaoendelea. Volyumu ya TB 72 inakuwa tatizo dogo la TB chache, na hukugusa ukomo wowote kati ya hizo tulizotaja.

Mzee_wa_Tepu

Wanangu, nimefurahi kuona LTO imetajwa. Kwa volyumu zilizofungwa alizosema Bi_Mitambo, tepu ni mahali pake hasa, kwa kuwa tepu iliyotolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini hakuna programu ya utekaji data itakayoifikia. TB 36 zinaingia kwenye tepu mbili au tatu za LTO-9, na ukiandika kwa kasi yake ya MB 400 kwa sekunde zinamalizika kwa takriban saa 25.

Niwatahadharishe mambo matatu. Msihesabu ile namba ya TB 45 iliyoandikwa kwenye kasha. Hiyo inadhani data itabanwa mara mbili na nusu, na picha za hospitali mara nyingi zimeshabanwa tayari. Pili, mashine ya tepu inataka kulishwa bila kukatizwa. Ukiilisha mafaili madogo madogo kutoka kwenye diski zinazohangaika, itapunguza mwendo, na ikizidi itakuwa ikisimama, kurudi nyuma na kuanza tena, jambo linaloichosha tepu na mashine. Andikeni kwanza kwenye diski kama vipande vikubwa, halafu vipande hivyo viende kwenye tepu. Tatu, mashine ya LTO-9 inasoma tepu za LTO-9 na LTO-8 tu. Anayetunza tepu kwa miaka ishirini atunze pia mpango wa kuzihamishia kizazi kipya, vinginevyo atabaki na plastiki.

Seva_Ziwani

Shikamoo mzee, na shukrani kwenu nyote. Nimeangalia klasta: ni KB 16 kama alivyokisia Dada Bi_Mitambo. Nimewasilisha kwa uongozi kwamba hatutapanua, tutagawa. Nakala kwa vipande vya TB 1 nayo imeanza, na imeshavuka pale ilipokuwa ikikatikia.

Uongozi umeuliza kama badala ya tepu tunaweza kupeleka wingu. Laini yetu ya intaneti ni Mbps 100.

Linux_Pwani

Kwa Mbps 100 kamili, bila mtu mwingine kuitumia, TB 36 zitachukua siku 33. Kwa nakala ya kwanza ya miaka iliyofungwa inavumilika. Tatizo ni kurudi. Hospitali haiwezi kusubiri mwezi.

Wingu nalo lina ukomo wake. Wakala wa Azure Backup, huduma ya wingu ya Microsoft, kwenye Windows Server 2012 na kuendelea hupokea hadi GB 54,400 kwa chanzo kimoja, kwa hiyo volyumu ya TB 72 ingekataliwa pale pia. Kwenye S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, kitu kinachopakiwa kwa sehemu hakiruhusiwi kuwa na sehemu zaidi ya 10,000. Ukiacha programu yako itumie sehemu za MB 8, faili litakwama karibu GB 80, na ukitumia za MB 64 litakwama karibu GB 640. Vipande vyako vya TB 1 vinahitaji sehemu za zaidi ya MB 100. Ni mpangilio wa mstari mmoja, lakini usipouweka utapakia kwa siku nzima ndipo uambiwe imeshindikana.

Bi_Mitambo

Na kabla ya yote hayo, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Sheria hiyo ina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mwanasheria wa hospitali aulizwe kwanza, na data isimbwe kabla ya kutoka kwenye seva, ufunguo ubaki kwenu na utunzwe mahali pawili.

Seva_Ziwani

Nimeelewa, tutaanza na tepu. Swali langu la mwisho: nakala hii ya vipande ikimalizika, nitajuaje kuwa ni nzima? Na hifadhidata ya mfumo wa picha, ile yenye majina ya wagonjwa na mahali picha zilipo, iko kwenye seva nyingine na ina bekapu yake ya saa nane usiku. Je, kuna mpangilio unaofaa kati ya hizo mbili?

Bi_Mitambo

Kuhusu uzima, ripoti ya kijani ya programu haitoshi. Januari 2017 kampuni ya GitLab ilipofuta kwa bahati mbaya takriban GB 300 za hifadhidata yake, iligundua kwamba nakala zake za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata. Waliokolewa na snapshoti ya saa sita zilizopita iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine. Kwa hiyo: kokotoa alama za SHA-256 (namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) za mafaili ya chanzo wakati volyumu inafungwa, zitunze pamoja na tepu na pia mbali nayo. Kisha kila robo mwaka chagua uchunguzi kadhaa wa miaka tofauti, zirejeshe kwenye kompyuta isiyohusika, linganisha alama, na umwombe mtaalamu wa mionzi azifungue. Mara moja kwa mwaka rejesha volyumu nzima moja na uandike ilichukua saa ngapi, ili namba unayowapa viongozi iwe ya kupimwa.

Kuhusu mpangilio, upo, na watu wengi wanauweka kinyume. Picha huongezwa tu, hazifutwi. Hifadhidata inanakiliwa kwanza, na snapshoti ya volyumu ya picha inachukuliwa baada ya hapo. Ukirejesha kwa mpangilio huo, kila picha ambayo hifadhidata inaitaja itakuwepo. Zitakazozidi ni zile zilizoingia katikati, na hizo mfumo unaweza kuzisoma upya na kuzisajili, kwa kuwa kila faili la DICOM, umbo la kawaida la picha za hospitali, lina taarifa za mgonjwa na uchunguzi ndani yake. Ukigeuza, hifadhidata itawaonyesha madaktari uchunguzi ambao faili lake halipo kokote. Kama bekapu ya hifadhidata inaanza saa nane usiku, tazama kwenye kumbukumbu zake inamaliza saa ngapi siku yenye kazi nyingi, kisha snapshoti ya picha ianzishwe na kumalizika kwa kazi hiyo, isifungwe kwenye saa ya ukutani.